Haki ya Muumini Kuuliza

Yako maswali yaulizwayo na adui, na yako maswali yaulizwayo na mwana wa nyumba. Maneno yaweza kuwa mamoja, lakini makusudi hayawi mamoja. Adui huuliza apate kuona ufa; mwana wa nyumba huuliza kwa sababu ndiye atakayelala humo mvua inyeshapo. Watu wengi wa dini wamezoea kuyasikia maswali yote kwa sikio moja. Kwa hiyo yule aipendaye dini hutiwa kundi moja na yule aichukiaye, naye baada ya kukaripiwa mara mbili tatu hujifunza kunyamaza. Je, kimya hicho ni adabu ya imani, au ni hasara yake? Na Mwislamu asemapo kwamba jambo fulani katika maisha ya Waislamu lataka kutengenezwa, je, amevunja kitu au ametimiza wajibu?

Swali hili limejadiliwa sana katika miji mikubwa ya Kiislamu, Cairo na Damascus na Lahore. Lakini jambo la maadili halipimwi katika miji mikubwa tu. Lafaa kupimwa pia mahali ambapo Waislamu ni wachache na wanajuana kwa majina ya babu zao, kama vile Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako adhana na kengele husikiwa na masikio yale yale.

Machame haikuwa mbali na njia za Waislamu kama watu wanavyodhani. Johannes Rebmann alipofika huko kwa Mangi Mamkinga katika safari zake za mwaka 1848 na 1849, kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili wa Pwani, Bwana Kheri, ambaye alizijua njia za bara kabla ya mmisionari huyo. Misafara ya Pwani ilifuata pembe na bidhaa nyingine, na pamoja na bidhaa ilichukua lugha, nguo na sala. Lakini mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walijenga kituo chao Machame, na shule na hospitali zikafuata kanisa, hata Ulutheri ukawa dini ya watu wengi wa nchi hiyo. Waislamu wa Machame, na wenzao wa Masama na wa kandokando ya barabara ya chini, wamekua katika hali hiyo: ukoo mmoja, mgomba mmoja, mfereji mmoja, na dini mbili. Penye sherehe ya ukoo aghalabu Mwislamu ndiye huombwa kuchinja, ili nyama iweze kuliwa na wote. Na penye mbege Mwislamu hukaa kando na ndugu zake hawamwoni kuwa amewadharau. Ni ujirani mwema, nao umejengwa kwa miaka mingi ya kuvumiliana.

Lakini hali hiyo ina mtego wake. Watu wachache walio katikati ya watu wengi huogopa kusema hitilafu zao hadharani. Huona kwamba jirani asije akasikia. Kwamba shangazi Mlutheri asije akapata la kusema. Kwamba nyumba ndogo haiwezi kustahimili mabishano ambayo nyumba kubwa yaweza kuyastahimili. Basi swali la muumini, ambalo lingeulizwa msikitini, huulizwa jikoni kwa sauti ya chini, au haliulizwi kabisa. Kijana aliyepata shule hulichukua swali lake mpaka Dar es Salaam au nchi ya mbali zaidi, na huko hulipatia majibu kwa watu wasioujua msikiti wa kwao. Wengine hurudi wakiwa wakali kuliko wazee wao. Wengine hawarudi tena msikitini. Wazee husikitika kwa yote mawili, ingawa kimya chao ndicho kilichoyazaa yote mawili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kihamba. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake na, mara nyingi, makaburi ya waliotangulia. Kwa mila ya Wachagga kihamba hurithiwa na wanaume. Mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa mahali pake, na kitinda mimba wa kiume hubaki katika boma la wazazi pamoja na mama. Wa katikati hujitafutia. Binti hatajwi katika hesabu hiyo, kwa kuwa yatarajiwa kwamba ataolewa na kwenda kula katika kihamba cha watu wengine. Hali hiyo yahusu Wakristo na Waislamu sawasawa. Na tangu ardhi ya mlimani ilipokwisha, kihamba kilichokuwa kikigawanywa mara moja hugawanywa mara tatu na nne, hata vijana wengine wa kiume hawana pa kusimamisha nyumba. Kila nafasi aombayo binti huonekana kuwa imeporwa mdomoni mwa kaka yake.

Sasa Qurani, katika sura ya Wanawake, yasema wazi kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, na wanawake nao wana fungu, mali iwe ndogo au kubwa. Kisha yataja kiasi, kwamba fungu la mwana wa kiume ni sawa na mafungu ya mabinti wawili. Haya hayajifichi katika vitabu vya wanazuoni. Yasomwa katika kila chuo. Hata hivyo hutokea katika nyumba ya Mwislamu wa mlimani kwamba baba akifa, maiti huoshwa, husaliwa na huzikwa kwa sheria ya dini, kisha mali yake hugawanywa kwa mila ya ukoo. Binti akiuliza, huambiwa kwamba kihamba ni cha ukoo, nacho hakiendi nje. Binti huyo huyo akitaka kuolewa na jirani Mlutheri wa ukoo mwema, huambiwa kwamba dini haikubali. Penye ndoa hukumbushwa kwamba yeye ni Mwislamu. Penye urithi hukumbushwa kwamba yeye ni Mchagga. Kila sheria huitwa itakapomnyima, na hupewa ruhusa ya kupumzika itakapompa.

Ndipo hapo swali la muumini liwapo zito. Binti aulizapo kwa nini, haulizi kwa sababu ameikana dini. Auliza kwa sababu ameiamini kuliko wale wanaomjibu. Yeye ndiye aliyekata majani ya ng'ombe tambarare na kuyapandisha kichwani, aliyebeba samadi hadi kwenye shina la mgomba, aliyemtunza mzee katika maradhi yake. Na sasa amekisoma kitabu, amekuta jina lake humo, na anataka kujua nani alilifuta. Kumwambia kwamba swali lake ni utovu wa adabu ni kulitumia jina la Mwenyezi Mungu kulinda jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuliamuru.

Wako wanaojibu kwamba mlango wa ijtihadi ulikwisha kufungwa zamani. Kwamba maimamu wanne walifanya kazi yote, na kazi ya watu wa leo ni kufuata. Jibu hili lina heshima ndani yake, kwani mtu asiyejua Kiarabu wala usuli wa fikihi hawezi kuamka asubuhi akajifanya mujtahidi. Lakini mwenye kulitoa afaa kuitazama historia ya imamu wake mwenyewe. Waislamu wa Pwani na wengi wa bara hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Shafii alifundisha Iraki, kisha akahamia Misri, na huko aliyarudia mengi aliyokwisha kuyasema akayabadili, kwa kuwa alipata hadithi mpya na hoja mpya, na aliona maisha ya watu wengine. Wanazuoni wa madhehebu yake tangu siku hizo hutofautisha kauli ya kale na kauli mpya. Alifariki mwaka 820, sawa na mwaka 204 wa Hijra, akiwa ameacha mafunzo mawili: fikihi yake, na mfano wa mtu mkubwa asiyeona haya kubadili rai yake. Ni ajabu kwamba wapo wanaolishika la kwanza kwa mikono miwili na kulisahau la pili.

Mbele ya Shafii ipo mifano mingine. Yasimuliwa kwamba Khalifa Omar bin Khattab, katika mwaka wa njaa kuu, alizuia adhabu ya mwizi isitekelezwe, kwa kuwa aliona kwamba mtu aibaye kwa njaa si yule aliyekusudiwa na hukumu. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yafundisha kwamba hakimu akijitahidi akapata haki ana thawabu mbili, na akijitahidi akakosa ana thawabu moja. Neno hili lastahili kutafakariwa. Dini inayompa thawabu aliyekosea baada ya kujitahidi haikuogopa akili. Iliona kwamba hatari ya kutofikiri ni kubwa kuliko hatari ya kukosea. Na juu ya hayo yote yupo Nabii Ibrahimu, ambaye kwa masimulizi ya Qurani alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowahuisha wafu, na alipoulizwa kama haamini, alieleza kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa. Alionyeshwa. Qurani hiyo hiyo yawalaumu mara nyingi wale ambao, wakiitwa kwenye haki, hujibu kwamba wanatosheka na waliyowakuta nayo baba zao.

Katika Afrika ya Mashariki wito wa namna hii si mgeni. Mjini Mombasa alizaliwa mwaka 1891 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye alisoma kwao na Unguja, kisha akazisoma fikira za Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri. Aliona Waislamu wa Pwani wamebaki nyuma katika elimu na uchumi, nao wanateketeza mali kwa matanga na arusi, na kutegemea makaburi na hirizi mahali pa juhudi. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, ambalo maana ya jina lake ni matengenezo. Humo aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili mambo ambayo wanazuoni walizoea kuyajadili kwa Kiarabu. Aliwataka wasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike. Wachukue kwa Wazungu elimu yenye manufaa bila ya kuiga kila kitu chao. Watofautishe dini na mazoea yaliyovaa nguo za dini. Mtu huyo hakuwa mtoro wa msikiti. Alikuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Aliyeuliza maswali makali kuliko wote alikuwa ndiye mwenye dhamana ya sheria.

Kuna jambo katika kazi ya Sheikh Al-Amin ambalo ni kubwa kuliko fatwa yoyote: kule kuandika kwa lugha ya watu. Mtu asiyeelewa yanayosemwa hana la kuuliza. Hujibu amina na kwenda zake. Qurani nzima ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwanza na mmisionari, Godfrey Dale, mwaka 1923; kisha na Waahmadiya mwaka 1953; na Waislamu wa Kisuni wa Pwani walipata tafsiri yao kamili mwaka 1969, kwa kalamu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968. Tarehe hizi tatu zafundisha kitu. Walipochelewa wenyewe, walitanguliwa na wengine kuwaeleza watu maana ya kitabu chao, na ikawalazimu kuandika kwa kujibu. Swali lisilojibiwa nyumbani halikosi mtu wa kulijibu nje.

Hata hivyo haifai kuisimulia habari ya matengenezo kana kwamba upande mmoja ulikuwa nuru tupu na upande wa pili giza tupu. Wafuasi wa njia ya Sheikh Al-Amin na Sheikh Farsy walipigana vikali na baadhi ya desturi za maulidi, wakaziita uzushi. Lakini kisiwani Lamu, vizazi viwili kabla yao, Habib Saleh wa msikiti wa Riyadha aliyatumia maulidi, pamoja na matari yake na nyimbo zake, kuwavuta karibu na elimu watu ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao: watumwa na wana wa watumwa, na wageni wasiokuwa na nasaba. Waungwana walimpinga. Kwa wakati wake yeye ndiye aliyekuwa mtengenezaji, na hayo maulidi ndiyo yaliyokuwa matengenezo. Kitu kimoja kilikuwa mlango kwa kizazi kimoja na kikaonekana kizuizi kwa kizazi cha pili.

Somo la hayo ni kwamba mwenye kudai haki ya kuuliza adai haki hiyo kwa wote, hata kwa yule ambaye atamwuliza yeye. Wako wanaobisha hodi kwa nguvu kwenye mlango wa ijtihadi, na wakisha kuingia huufunga nyuma yao kwa kufuli. Hukataa kumfuata imamu wa zamani, kisha huwataka watu wamfuate mwalimu wa jana bila ya hoja. Mzee wa Machame asomaye maulidi katika kihamba chake baada ya mavuno ana haki ya kuulizwa kwa hoja na kujibu kwa hoja. Hana wajibu wa kunyamazishwa na kijana aliyerudi na shahada. Kijana naye ana haki kama hiyo mbele ya mzee. Ukweli kwamba Waislamu wa Tanzania hutofautiana kuhusu mwezi mwandamo, wengine wakifuata mwezi ulioonekana karibu na wengine habari za Makka, hata Idi ikasaliwa siku mbili, ni ushahidi kwamba umma waweza kuishi na hitilafu bila ya kufa. Kinachoumiza katika siku hizo ni maneno ya dharau yanayotupwa baina ya misikiti miwili. Mwezi wenyewe haujamjeruhi mtu.

Lakini nani aulize, na nani ajibu? Hoja ya wahafidhina hapa ni nzito nayo haifai kupitwa mbio. Elimu ya dini ni elimu. Ina lugha yake na kanuni zake, kama udaktari. Mgonjwa hana haki ya kujipasua mwenyewe. Ni kweli. Lakini mgonjwa ana haki ya kusema panapomwuma, ana haki ya kuuliza dawa aliyopewa ni ya nini, na akizidiwa baada ya kuinywa ana haki ya kurudi na kusema kwamba haikumfaa. Daktari amfukuzaye kwa sababu hakusoma udaktari hakuilinda elimu yake. Vivyo hivyo mwanamke asiyejua sarufi ya Kiarabu hawezi kutoa fatwa, lakini ndiye ajuaye kuliko sheikh jinsi fatwa ilivyomfika nyumbani kwake. Kuuliza si ujinga, wala si kujidai elimu. Ni ushahidi, na hakimu asiyesikiliza mashahidi hawezi kuhukumu kwa haki hata akiwa na vitabu vyote.

Jirani pia ana la kufundisha, ingawa haifai kumwiga bila ya kupima. Walutheri wa Kilimanjaro wamebishana wao kwa wao mbele ya macho ya watu. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu, na kwamba kanisa lijengwe juu yake. Wako waliomwunga mkono, na wako waliomwona kuwa anataka kuwarudisha nyuma watoto wao. Baadaye Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilibishana miaka mingi juu ya wanawake kupewa uchungaji, mpaka lilipokubali mwaka 1990. Wakati wa mabishano hayo Waislamu wa Machame hawakusema kwamba Ukristo umekwisha. Waliona watu wanaoijali dini yao kiasi cha kuigombania. Basi hofu ya kwamba jirani atacheka yapasa kupungua. Huenda jirani anangojea kuona kama Mwislamu naye anaijali yake.

Wala serikali haikungoja. Sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka binti daraja ya mwisho katika urithi na zilimzuia kuiuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka Bukoba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, hali mwanamume hazuiwi hivyo, ni ubaguzi unaopingana na katiba na mikataba ya haki za binadamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hapa muumini apaswa kujihoji. Kama binti Mwislamu wa Machame apata fungu lake kwa sababu bunge limesema, na hakulipata katika karne nzima ambayo kitabu chake kilikuwa kikisema, ni nani aliyeivunjia dini heshima: binti aliyekwenda mahakamani, au kaka na wajomba waliomlazimisha kwenda?

Baada ya swali la nusu huja swali gumu zaidi. Msichana wa leo aweza kuuliza: ikiwa nusu ilikuwa hatua kubwa ya haki katika zama ambazo mwanamke alirithiwa kama mali, na ikiwa nusu ililingana na wajibu wa mwanamume wa kumlisha mke na dada, itakuwaje pale ambapo dada ndiye anayewalisha kaka zake? Wengi hujibu kwamba andiko ni wazi na mpaka umekwisha kuwekwa. Wengine, kama Rais wa Tunisia mwaka 2018, wametaka sheria ya nchi iyasawazishe mafungu, na wamepingwa kwa nguvu. Si kazi ya insha kulikata shauri hilo. Kazi yake ni kusema kwamba swali hilo nalo laweza kuulizwa na mtu anayesali, na kwamba yule anayeona jibu lake ni wazi hana sababu ya kuogopa kulieleza. Tena, jamii ambayo haijaitoa hiyo nusu haina uso wa kumkaripia mtu kwa kuuliza juu ya nusu ya pili.

Gharama ya kuzuia maswali imekwisha kuonekana duniani. Mjini Khartoum, tarehe 18 Januari 1985, alinyongwa Mahmoud Muhammad Taha, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliyefundisha kwamba aya za Makka na aya za Madina zasomwe kwa namna mpya. Wengi wa wanazuoni waliikataa rai yake, na walikuwa na haki ya kuikataa. Lakini hakujibiwa kwa kitabu. Alijibiwa kwa kamba. Kabla ya miezi minne kupita, serikali iliyomnyonga ilianguka, na mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Sudan iliitangua hukumu ile. Hukumu ilirudi nyuma, mtu hakurudi. Na rai ambayo huenda ingepingwa na kusahauliwa imesomwa tangu hapo na watu wengi zaidi. Machame hapana kitanzi, na alhamdulillahi. Lakini ipo njia ndogo ya kumwondoa mtu: kutomwitikia salamu, kumwambia baba yake amkanye, kusema mbele ya wachumba kwamba binti yule ni msumbufu. Ukubwa watofautiana, mzizi ni mmoja, nao ni kudhani kwamba haki hulindwa kwa kumnyamazisha mwulizaji.

Wazee wa mlimani wana elimu yao wenyewe ambayo yatosha kuwasaidia. Mifereji inayoshusha maji kutoka msituni ilichimbwa na watu wa zamani, na majina ya koo zilizochimba hukumbukwa kwa heshima. Heshima hiyo haijawahi kuwazuia watu kutoka na majembe kila mwaka kuondoa matope, majani na mawe yaliyoporomoka. Hapana aliyesema kwamba anayezoa tope amemtukana mchimbaji. Kinyume chake, asiyetoka siku ya kazi ndiye hutozwa faini, kwa kuwa anakunywa maji asiyoyahudumia. Maji hutoka juu, nayo ni safi. Tope huingia njiani. Mwenye kutofautisha maji na tope ameitendea haki chemchemi, na mwenye kulitetea tope kwa jina la chemchemi amewanyima maji wale walio chini.

Basi haki ya muumini kuuliza si zawadi ambayo wakubwa wampa wakipenda. Yatokana na imani yenyewe, kwa kuwa kila mtu ataulizwa peke yake siku ya hesabu, na haitafaa siku hiyo kujibu kwamba alinyamaza kwa sababu jirani alikuwa akisikiliza. Haki hiyo ina wajibu wake: kuuliza kwa nia ya kujua, kusoma kabla ya kubisha, kukubali kushindwa na hoja. Nao wenye elimu wana wajibu mkubwa zaidi: kufundisha kwa lugha ifahamikayo, kusema wazi hili ni andiko na hili ni rai na hili ni mila ya ukoo, na kutoona haya kusema hawajui. Mambo haya hayahitaji baraza kubwa wala fedha nyingi. Msikiti wowote wa mlimani waweza kuyaanza Ijumaa moja baada ya sala, kwa kuwakalisha wazee, vijana na akina mama, na kumwacha binti yule aseme swali lake lote bila ya kukatizwa, kisha ajibiwe.